Mke wa pili katokea msibani: ile episodi ya Cheers

Tuanze na alivyokufa, maana nikisimulia hii stori hapo ndipo watu wananikatisha. Eddie LeBec, mume wa Carla kwenye Cheers, ile komedi ya tivii ya Marekani, amegongwa na Zamboni. Zamboni ni ile mashine kubwa kama trekta inayopita juu ya uwanja wa barafu, inakwangua barafu iliyochakaa na kumwaga maji juu yake ili igande upya ikiwa laini, aliibuni Frank Zamboni kule California mwaka 1949, na cha kujua zaidi ni kwamba inaenda polepole sana, mtu mzima akiamua kuikimbia anaikimbia. Eddie ilimpitia akimsukuma mwenzake asigongwe. Na kazi yake siku hizo ilikuwa kuteleza kwenye barafu kavaa vazi la pengwini kwenye shoo inayozunguka miji. Yani hapo una shujaa aliyetoa roho kwa ajili ya mtu mwingine, na hapohapo una pengwini aliyekufa kwa mashine ya mwendo wa kinyonga, halafu msibani anatokea mwanamke wa pili naye kafiwa na mume, na mume ni huyohuyo.

Episodi yenyewe inaitwa Death Takes a Holiday on Ice, ilirushwa kwenye kituo cha NBC tarehe 9 Novemba 1989, msimu wa nane, wameiandika Ken Levine na David Isaacs. Kwa wasioijua Cheers ni komedi ya baa moja Boston, watu walewale kila siku kwenye viti vilevile, ilianza Septemba 1982 ikiwa na watazamaji wachache mpaka ikabaki kidogo ifutwe, ikavumiliwa, na msimu wa 1990 hadi 1991 ikawa namba moja Marekani nzima, ikafungwa Mei 1993. Mi nimeipata ukubwani, nilianza na Frasier, komedi ya mhusika aliyetokea Cheers, afu nikarudi nyuma kutafuta alikotokea. Episodi nyingi nimezipenda nikazisahau, hii imekaa kichwani, na nadhani najua kwanini ndo maana naandika.

Kwanza lazima umjue Carla. Carla Tortelli, kacheza Rhea Perlman ambaye kwa hii nafasi alibeba tuzo nne za Emmy, ni mhudumu wa hiyo baa, mfupi, mdomo kama wembe, mteja akimzingua anamwambia palepale, mshirikina wa kutupwa, anaogopa mikosi na laana kuliko anavyoogopa bosi. Watoto nane. Watano kazaa na mume wa kwanza, Nick, mwanaume wa hovyo aliyemwacha akaenda kuoa mwanamke mwingine mwenye nywele za dhahabu, na kila akirudi anarudi akiwa na shida yake. Kwa hiyo Carla siyo mtu wa kudanganyika kirahisi. Anajua wanaume waongo wakoje, kaishi nao, anawanusa mlangoni.

Ndipo mwaka 1987 akaja Eddie. Kipa wa Boston Bruins, timu ya hoki ya barafuni, Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, kacheza Jay Thomas, na utamu wa hao wawili ni kwamba walikutana washirikina kwa washirikina. Eddie alikuwa anashinda mechi kama hana akili nzuri, akaanza kutoka na Carla, akaanza kufungwa. Wewe ungefanyaje? Wao walivyofanya ni kuamua waachane kabla ya mechi. Siyo kuachana kwa kugombana, hapana, kama dawa, wanaachana rasmi ili mkosi uondoke, mechi ikiisha wanarudiana. Nilicheka sana, ila ukikaa ukaifikiria hayo ni mapenzi ya watu wazima kabisa, mtu anakubali kuambiwa sikutaki ilmradi mwenzake asipoteze kazi. Walioana mwaka huohuo, Carla akiwa mjamzito, wakazaa mapacha, majina yao Elvis na Jesse.

Kazi akaipoteza hata hivyo. Umri ulishaenda, Bruins hawakumhitaji, mwanaume aliyekuwa anashangiliwa na uwanja mzima akaishia kuvaa manyoya na mdomo wa ndege ili watoto wapate maziwa. Hapo ndo nilipompenda Eddie. Hakulalamika sana, alivaa. Na kwa kuwa shoo inasafiri akawa hakai nyumbani, kuna episodi nyingine Carla ambaye anaogopa ndege kufa anajilazimisha kupanda ili tu akamwone mume wake akiteleza. Kwahiyo mpaka tunafika 1989 sisi watazamaji tulishasaini kwamba huyu ndo mwanaume mzuri, yule Nick alikuwa adhabu na Eddie ndo malipo.

Afu anakufa. Na siyo kwamba anakufa tu, anakufa vizuri, anakufa akiokoa mtu, Carla anakuwa mjane wa shujaa, wale wa baa, Sam, Norm, Cliff, Woody, Frasier, wote wanamzunguka, na hata vichekesho vya pale mwanzoni ni vya watu wasiojua waseme nini kwa mfiwa. Halafu msibani anaingia Gloria. Kavaa nyeusi. Analia kilio cha mke. Na kila aliyepo anaanza kupiga hesabu kimyakimya kichwani, safari zile zote, miezi ile yote, kumbe Eddie alimpa mimba huyu mwanamke na akamwoa wakati ana ndoa Boston.

Naomba niwaambie kitu ambacho mtu wa Marekani akiangalia hii episodi hakioni, ila sisi tunakiona haraka sana. Mke wa pili kutokea msibani kwetu si jambo la kwenye tivii. Kila ukoo una stori yake. Kwenye ukoo wetu ilimtokea shangazi. Mume wake alikuwa dereva wa magari ya masafa, na siku ya pili ya msiba, wanawake wamekaa kwenye mkeka, akaja mama mmoja na begi na mtoto wa kiume, hakuuliza mtu, akaketi karibu na mlango akaanza kulia. Sasa kilichomfanya shangazi anyanyue kichwa siyo yule mtoto, ingawa mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu limekaa vilevile. Ni jina. Yule mama alikuwa akilia anamwita marehemu kwa jina ambalo shangazi hakuwahi kulisikia. Jina la nyumbani, la chumbani, jina ambalo lazima mtu alipewe na anayempenda. Mkeka wote ulikaa kimya.

Aliyeokoa ile hali alikuwa mtani. Wasiojua utani wa makabila, huko kwetu watani wana kazi yao msibani, wanadai hela ndo jeneza lipite, wanalala kaburini, wanavaa nguo za marehemu wanamuigiza, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Huyu mtani akaenda akachukua kofia ya marehemu, akaivaa, akatembea ule mwendo wake wa kuvuta mguu kidogo, akafika katikati ya mkeka, akamwangalia shangazi, akamwangalia yule mama, akajikuna kichwa akasema, "Haya jamani, leo nalala wapi?" Wallahi nyumba nzima ilipasuka. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, na akiwa bado anacheka kilio kikatoka, kilio ambacho hakuwa amelia tangu habari zifike, maana mpaka muda ule alikuwa kakauka tu anapokea pole. Baadaye ndo wakaja wazee kuongea, mambo ya mtoto, mambo ya mali, huko sikuwepo.

Sasa ukiwa umeona kitu kama hicho, ukija kukutana na watu wanaohoji eti ni sawa kweli kuchekea msiba, unashangaa wanauliza nini. Cheers ilikuwa inarekodiwa Hollywood, studio za Paramount, mbele ya watu waliokaa kwenye viti, wale wanaocheka unaowasikia ni watu wa kweli walioingia siku hiyo. Mi nikiwasikia wanacheka kwenye mazishi ya Eddie nasikia kitu ninachokijua. Carla hakuwa na mtani, hiyo ndo shida yake, ana marafiki wanaompenda lakini wote wanaogopa kusema neno lisilofaa, hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuvaa lile vazi la pengwini na kuuliza anaenda kwa nani. Kazi hiyo waandishi wameifanya wao.

Na hapa ndo nafika kwenye kile ninachotaka kusema hasa. Watu wengi wakiisimulia hii episodi wanasema usaliti uliongezwa ili ichekeshe. Sikubaliani. Kifo cha Zamboni tayari kinachekesha, hakihitaji msaada. Usaliti wa Eddie umewekwa pale ili Carla apate hasira. Fikiria bila Gloria ingekuwaje, Carla mjane wa shujaa, mapacha wadogo, mwanamke ambaye chakula chake ni matusi anakaa baa analia wiki hadi wiki, nani atacheka? Na mbaya zaidi yeye mwenyewe atafanyaje, maana Carla hajui kuhuzunika, hajafundishwa, anajua kukasirika tu. Gloria alipoingia Carla akapata kitu anachokiweza.

Lakini hasira yenyewe haina pa kwenda, na hicho ndo kinachonitesa mimi. Mwanaume akichepuka akiwa hai kuna kumfungia mlango, kuna kumtupia nguo nje, kuna kumuuliza kwanini na kumwona akijiumauma, hata uongo wake ni kitu, unaupokea unaupasua. Nick alivyomtenda Carla alimlipa, misimu yote alimlipa, kila akitokea anaoga matusi. Eddie kafa. Kaenda na jibu. Na kafa akiwa kafanya jambo jema kuliko yote aliyowahi kufanya, kwahiyo hata kumtukana unamtukana mtu aliyetoa uhai wake kwa mwenzake. Carla hawezi kumlilia vizuri kwa sababu ya Gloria na hawezi kumchukia vizuri kwa sababu ya ile Zamboni. Niambie kama kuna tamthilia ya kulia machozi iliyomweka mwanamke mahali pagumu hivyo, na hii ni komedi ya nusu saa ukitoa na matangazo.

Kisheria nako kuna la kuangalia kidogo. Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inajua ndoa ya mke mmoja na inajua ndoa ya wake wengi, kwahiyo mke wa pili anaweza kuwa mke halali kabisa mwenye cheti. Massachusetts, jimbo ilipo Boston, siyo hivyo. Kuoa wa pili ukiwa na ndoa ni kosa la jinai, na ile ndoa ya pili haihesabiki. Maana yake Gloria aliyekuja kuzika mume hakuwa na mume, alikuwa na karatasi isiyo na kazi na mimba. Wamarekani waliokuwa wanaangalia walilijua hilo bila kuelezwa, sisi tunaweza kulipita, tukamwona Gloria kama bi mdogo aliyekuja kudai fungu lake. Hakuna fungu. Katika wale wawili yeye ndo kapoteza zaidi na kicheko kinamwendea yeye.

Komedi za Marekani zilikuwa zimeshagusa msiba kabla, hili si la kwanza. Oktoba 1975 kulikuwa na episodi ya The Mary Tyler Moore Show, Chuckles Bites the Dust, aliandika David Lloyd ambaye baadaye aliandika Cheers nyingi tu, mchekeshaji wa watoto kavaa kama karanga kwenye gwaride afu tembo akamchukulia karanga kweli. Mary kutwa nzima anawakemea wenzake wanaotania, akifika kanisani yeye ndo anashikwa na kicheko kisichozuilika, mchungaji anamwambia cheka tu, marehemu angependa, hapo ndo analia. Nzuri mno, wengi wanaiweka namba moja ya wakati wote. Ila Chuckles alikuwa mfanyakazi mwenzao, hana siri, hana deni na mtu aliyeko pale. Cheers wamechukua mume.

Na wenyewe Cheers walishaonja kifo cha kweli, msisahau. Nicholas Colasanto aliyecheza Coach, yule mzee wa kaunta aliyekuwa anachanganya kila kitu, alifariki Februari 1985 kwa ugonjwa wa moyo katikati ya kazi. Hawakumtafutia kifo cha kuchekesha. Msimu uliofuata wakasema tu kwamba Coach kafariki, Woody akaingia, na picha ya Geronimo, yule mpiganaji wa kabila la Apache, ambayo Colasanto alikuwa nayo chumbani kwake pale studio ikatundikwa ukutani kwenye seti. Ikakaa pale miaka yote. Siku ya mwisho kabisa, 1993, Sam anaenda kuinyoosha kabla ya kufunga baa. Mi naamini watu waliowahi kumzika mwenzao kweli ndio walioweza kumuua Eddie kwa Zamboni bila kuwa wakatili, walikuwa wanajua kabisa tofauti ya kifo cha mtu na kifo cha mhusika.

Kuna na stori ya nyuma ya pazia, kaisimulia Ken Levine mwenyewe. Jay Thomas alikuwa anatangaza kipindi cha asubuhi redioni Los Angeles, akaulizwa kuhusu Cheers, akatoa maneno ya kejeli kuhusu kulazimika kumbusu Rhea Perlman, na Rhea alikuwa anasikiliza. Eddie akafa. Thomas hakuangamia, alienda komedi nyingine, Murphy Brown, akashinda Emmy mbili, amefariki 2017. Ila ukishaijua hiyo stori huwezi tena kuangalia ile episodi kama zamani. Rhea Perlman pale anamlilia mume ambaye aliyemcheza alimdhihaki hewani, anagundua mume kamsaliti, na yeye anajua usaliti wa aina nyingine kabisa uliotokea nje ya stori. Angalia uso wake Gloria akijitambulisha. Kabla ya hasira kuna sekunde pale ambapo uso hauna kitu, haushangai, hauumii, umesimama tu, kama mtu anayesoma meseji mara ya pili kuhakikisha ameelewa. Nimerudisha nyuma nikaangalia hapo sijui mara ngapi. Shangazi alikuwa na uso uleule alipolisikia lile jina.

Mwisho wa episodi siusemi, itafuteni. Nitasema tu kwamba Carla aliachana na jina la LeBec akarudi kuwa Tortelli, jina la yule mume wa kwanza, mbaya wa kujulikana. Hilo nalielewa sana. Nick hakuwahi kujificha.

Kinachonikera, na hapa nawalaumu waandishi ninaowapenda, ni Gloria. Kaja, kalia, kaondoka, na Cheers ikaendelea miaka mingine zaidi ya mitatu bila yeye. Carla alibaki na baa, ana Sam wa kumshika mkono, ana Norm wa kumtukana ili siku iende. Gloria alipanda basi kurudi kwa nani? Na mtoto wake je, ambaye ni ndugu wa damu wa Elvis na Jesse, baba mmoja, atakua anaulizia baba yake atajibiwa nini, kwamba alikuwa pengwini? Wale mapacha wakifika umri wa kuuliza, Carla ambaye haachi jambo lipite, angekaa kimya kweli? Huko kwetu wazee wangeita kikao, mtoto angeonyeshwa kaburi la baba yake, angepewa jina la ukoo hata kama mali hana. Nilitaka episodi moja tu ya hiyo, Gloria anaingia mlangoni pale baa na mtoto mkononi, Carla na trei yake ya bia, na Cliff kwa kiherehere chake anamuuliza mtoto anapenda hoki.